Siku nne za baiskeli na gari la kulala kutoka Malindi: jibu kwa mwalimu wa Barani

Swali: Mimi ni mwalimu, ninaishi Barani hapa Malindi. Mume wangu ameendesha baiskeli za milimani tangu ujana wake. Mimi nina miezi minne tu tangu nianze. Tumenunua Hiace kuukuu, tukang'oa viti na kutia kitanda, jiko la gesi na tangi la maji. Agosti shule zikifungwa tutapata siku nne. Yeye anataka tufike msitu wa Arabuko-Sokoke, bonde la Marafa, na lango la Sala la Tsavo Mashariki. Mimi naogopa tutarudi hatusemezani. Tupange vipi? Na je, tairi zangu za upana wa inchi 1.95 zinafaa kwa mchanga wa huku?

Jibu: Mwalimu, nimeanzia kwenye hofu yako, kwa sababu katika miaka yangu ya kutengeneza baiskeli na kuwapeleka watu porini nimeona wapendanao wakinuniana siku tatu kwa ajili ya ratiba mbaya, hali hakuna aliyemkosea mwenziwe. Ratiba ya mumeo ni mbaya. Nasema hivyo kwa heshima, maana kila mahali alipopataja panastahili kuonwa. Ila amehesabu vituo kwenye ramani, na mwendesha baiskeli wa pwani hana budi kuhesabu kwanza saa za ubaridi, kwa kuwa ndizo mtaji wake.

Hesabu yenyewe ni hii. Tangu kunapopambazuka, mwendo wa saa 12 asubuhi, hadi saa 3 na nusu, mtu anaweza kupiga pedali kwenye mchanga asidhurike. Baada ya hapo jua linachoma, mchanga nao unarudisha joto usoni, na mtu anayeanza hutumia nguvu maradufu kwa mwendo ule ule. Jioni kipindi chema huanza saa 10 na kwisha saa 12 na robo, kwa kuwa sisi tuko karibu na Ikweta na giza letu halibishi hodi. Kwa siku nne, basi, mna vipindi vinane. Cha asubuhi ya kwanza kitaliwa na kufunga mizigo, hata mkiapa kwamba kila kitu kiko tayari tangu usiku. Cha jioni ya mwisho kitaliwa na kurudi, kuosha na kuanika. Mnabaki na sita. Kila mnapohamisha kambi mnahatarisha kimoja, kwa sababu Hiace yenye kitanda, maji na baiskeli mbili nyuma haikimbii, na mkifika mahali papya mtatumia saa nzima kutafuta kivuli, kusawazisha gari na kuzungumza na wenyeji. Kwa vipindi sita, kambi mbili zinatosha, na kuhama kwenyewe kufanyike mara moja tu, mchana wa jua kali, wakati ambapo hamngekuwa mkiendesha baiskeli hata hivyo.

Lango la Sala liondoeni kwenye ratiba leo. Lango hilo liko kilomita zipatazo 110 kutoka Malindi, na ndani ya Tsavo Mashariki baiskeli haziruhusiwi. Mtaendesha gari kilomita 220 kwenda na kurudi, baiskeli zikining'inia nyuma na kula vumbi. Kama shauku ya mumeo ni kupita na baiskeli kando ya pundamilia, mwekee ahadi ya Hell's Gate kule Naivasha, ambako jambo hilo linaruhusiwa, na iwe safari nyingine ya peke yake.

Mwezi mmeuchagua vyema. Agosti masika imekwisha, kusi bado inavuma, na joto la mchana huwa karibu na nyuzi 28, tofauti na Februari na Machi ambapo hata mimi siwapeleki wageni mbali. Upepo wa kusi mwutumie kwa akili: kila mtokapo, anzeni kwa kuukabili, mwili ukiwa mpya, ili wakati wa kurudi uwasukume mgongoni. Anayeanza akitoka na upepo mgongoni hujiona ana nguvu za ajabu, huenda mbali kuliko alivyokusudia, kisha hulipia deni lile lote akiwa amechoka.

Kambi ya kwanza iwe Gede, kama kilomita 15 kusini yenu, na mlale huko siku mbili. Ondokeni nyumbani siku ya kwanza baada ya chakula cha mchana, mfike mapema, na jioni ile mzunguke njia za vijijini kuelekea hori ya Mida bila kutafuta sifa. Jioni hiyo ni ya kusikiliza baiskeli: breki inayolia, kiti kinachoshuka polepole, boliti iliyolegea kwa mtikisiko wa barabara. Kasoro ikijitokeza Gede, mafundi wa Malindi bado wako karibu; ikijitokeza siku ya tatu kule Marafa, ni nyinyi na Mungu wenu.

Asubuhi ya pili ni ya msitu, na hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa Arabuko-Sokoke ndiyo sababu hasa ya safari hii kufaa kufanywa Malindi. Ni msitu wa kilomita za mraba zipatazo 420, kipande kikubwa kuliko vyote kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki, na mtu akiutazama kutoka barabara kuu ya Mombasa hudhani ni mti mmoja tu uliojirudia. Ukiingia na baiskeli, ardhi yenyewe hukufundisha kwamba misitu ni mitatu. Upande wa mashariki, karibu na Gede, miti imechanganyika na njia ni ya mchanga wa kijivu unaoendeka. Mkisonga ndani mnaingia kwenye mirihi, miti mirefu iliyoachana, chini yake mchanga mweupe laini kama unga. Hapo ndipo baiskeli huzama na wanaoanza hulia. Mkiendelea magharibi ardhi hugeuka nyekundu, vichaka hubana, na njia huwa ngumu na ya kasi. Mwenye kuijua tofauti hii hupanga siku kwa kutazama mbingu. Mvua ikinyesha usiku, nendeni kwenye mchanga mweupe, kwa maana ukilowa hushikana na kubeba tairi vizuri kuliko siku zote. Ule mwekundu msiuguse siku hiyo, kwa kuwa ukilowa hunata, hujaza nafasi kati ya tairi na fremu, na mtabeba baiskeli mabegani. Kukiwa kukavu, geuzeni shauri: piteni mweupe mapema kabla haujalegea, mkanyooshee mwekundu.

Ingieni kwa lango, lipeni ada kituoni Gede, na mchukue mwongozaji wa msitu. Sisemi hivyo kwa ajili ya kumpa mtu kazi, ijapokuwa kazi ni jambo jema. Msitu una ndovu, na baiskeli ni kitu hatari mbele ya ndovu kwa sababu moja ambayo wengi hawaifikirii: haina sauti. Gari husikika, mtembea kwa miguu huenda taratibu, lakini baiskeli hutokea kwenye kona ghafla, na mnyama aliyeshtuliwa karibu hana muda wa kuamua kukimbia. Kwa hiyo kila kona isiyoonekana mbele mpunguze mwendo, mseme kwa sauti, mpige kengele. Mkikuta kinyesi kibichi, kilicho na unyevu na matawi yaliyovunjwa karibu ambayo majani yake hayajanyauka, mwongozaji atawageuza, nanyi mgeuke bila mjadala, hata kama mumeo ameona njia nzuri mbele. Jioni msikae humo. Licha ya ndovu, kifutu hupenda kujilaza kwenye njia yenye joto, na rangi yake ni ile ile ya majani makavu.

Mkitulia mnaweza kumwona sange mwenye kiuno cha rangi ya dhahabu akikatiza njia kwa kurukaruka, mnyama mdogo wa pua ndefu ambaye makao yake makuu duniani ni msitu huu. Bundi mdogo wa Sokoke, asiyezidi kimo cha kiganja na vidole vyake, hulala mchana kwenye vichaka vya upande mwekundu, na mwongozaji mzuri hujua tawi. Mwambieni mapema kama mnataka kumwona, kwa kuwa itabidi mshuke na kutembea. Na neno moja kuhusu majina: kuna mwinuko wa Nyari ndani ya msitu, na wenyeji wa Marafa nao huliita bonde lao Nyari. Mkimuuliza mtu njia, tajeni ni Nyari ya wapi.

Mchana wa siku hiyo jificheni kwenye magofu ya Gede, ambayo mwaka 2024 yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Miti mikubwa imeota kati ya kuta, kuna kivuli cha kweli, na pale pale upo mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993, ambapo wakulima wanaopakana na msitu huuza pupa za vipepeo, yaani viwavi vilivyojifungia kabla ya kugeuka vipepeo. Ni njia mojawapo ya kumfanya jirani wa msitu apate riziki bila shoka.

Sasa nije kwenye asubuhi ya tatu, ambayo ndiyo dawa ya hofu yako. Asubuhi hiyo msiende pamoja. Mpe mumeo mwongozaji na kipindi chote, aende mbali na kwa kasi aipendayo mpaka upande mwekundu, atoke jasho analolitaka. Wewe nenda Mida, utembee kwenye daraja la mbao linalopita juu ya mikoko, au lala. Mtu mwenye uzoefu aliyeahidiwa asubuhi yake hukaa nyuma yako siku nyingine zote kwa moyo mkunjufu, kwa sababu hana njaa tena. Asiyeahidiwa atakuwa anakusubiri kwenye kila kona akiwa ameshapumzika, nawe ukifika unahema, yeye huyo anapanda na kuondoka. Hilo la kusubiri kwenye kona ndilo linalovunja watu. Mnapokuwa pamoja, wewe utangulie na yeye afuate, mwendo uwe wako, na kusimama kuwe kwako. Tena liondoeni kabisa neno "tumekaribia". Akiulizwa imebaki kiasi gani, shemeji yangu aseme idadi ya dakika au aseme hajui.

Baada ya chakula siku hiyo ya tatu ndipo mhame. Mtapita Malindi, mtavuka daraja la Sabaki, kisha mtaiacha barabara kuu na kuelekea Marafa. Fikeni saa 9 alasiri, muulize wenyeji wanaosimamia bonde ni wapi gari linaweza kulala, na mlipe kile wanachotoza. Pale Marafa mvua na upepo vimeula mwinuko wa mchanga ulioshikana mpaka zimebaki nguzo na kuta za tabaka nyeupe, za waridi, za machungwa na nyekundu, na Wagiriama huhadithia kwamba ni mahali pa ukoo tajiri ulioogea maziwa ya ng'ombe, ukazamishwa kwa kufuru hiyo. Baiskeli zibaki juu. Kuta ni laini, gurudumu likikatiza ukingo huacha mfereji ambao mvua ijayo huupanua, na nimeona vijana wakifanya hivyo ili wapate picha. Naomba nyinyi msiwemo. Shukeni kwa miguu na mwongozaji kuanzia saa 10 na nusu, kwa sababu chini hakuna upepo na mchana joto lake halivumiliki, na jua la mwisho ndilo linalowasha zile rangi. Asubuhi ya nne mna kipindi kimoja cha kuzunguka njia za vijijini, kati ya mashamba na mikorosho, kisha mnarudi.

Kama mnataka ufuo wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, siku ya kurudi, tazameni mwezi kabla ya kukata shauri. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au mwandamo, maji hupwa sana mwendo wa saa 4 asubuhi, na ufuo huwa mpana na mgumu kama lami. Kila siku inayofuata wakati huo husogea mbele kwa dakika kama 50. Siku za maji mafu, bahari inapopwa kidogo tu, ufuo ni mwembamba na mchanga wa juu hauendeki. Gari lisiingie ufuoni kwa hali yoyote.

Kuhusu gari nina mambo mawili ambayo sitayafupisha. La kwanza nimelilipia mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifunga baiskeli ya mke wangu nyuma ya gari kwa haraka, tairi la nyuma likawa limekaa mkono mmoja kutoka kwenye mdomo wa ekzosi. Tulipofika, upande mmoja wa tairi ulikuwa umelainika na kung'aa kama peremende iliyolambwa. Nilipoubonyeza kwa kidole ukabaki na alama ya kidole. Safari yake ya siku mbili iliishia pale pale, na kosa lilikuwa langu. Basi baada ya kufunga baiskeli washeni injini, mpeleke mkono mahali tairi lilipo, na mkihisi joto mgeuze baiskeli upande wa pili. Hakikisheni pia kwamba namba za gari na taa za nyuma zinaonekana.

La pili ni moto. Kwa jiko la gesi pikieni nje au mlango ukiwa wazi kabisa, na mtungi ufungwe kabla ya kulala. Jiko la makaa lisiingie ndani ya gari, hata lionekane limekufa, hata mvua ikinyesha, hata mkisikia baridi. Moshi wake ulio hatari hauna harufu wala rangi, na mtu aliyelala hauhisi. Acheni madirisha mawili wazi yaliyowambwa wavu wa mbu, moja mbele na moja nyuma, ili hewa ipite juu yenu. Mtalala vizuri na malaria hamtaikaribisha.

Maji, hesabuni lita 3 kwa kila mtu kwa kipindi cha asubuhi msituni, mbali na ya kupikia na kuoshea. Madafu ni mazuri lakini hayana chumvi ya kutosha kwa anayetoka jasho jingi, kwa hiyo chukueni chupa moja ya lita iliyotiwa vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Chakula cha njiani hakihitaji duka la wageni: tende, kashata, na mahamri ya jana yaliyofungwa kwenye kitambaa. Mbaazi muile mkisharudi.

Baiskeli zipelekeni kwa fundi wiki mbili kabla, wala si jana yake, maana kilichobadilishwa upya huhitaji siku chache kukaa. Mwambie akupimie kiti: ukikalia na kuweka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke bila kiuno kuinama. Wanawake wengi wanaoletwa kwangu na waume zao wamewekewa kiti chini mno eti wasiogope, na magoti yao huuma kwa sababu hiyo tu. Cheni ipakwe mafuta mepesi, mfano ya cherehani, kisha ipanguswe mpaka kitambaa kisichafuke. Mafuta yanayoachwa nje hushika mchanga na kuwa msasa unaosaga meno ya gia. Mkigusa maji ya bahari, baiskeli ioshwe siku ile ile kwa maji baridi ya kawaida, na msiipige maji ya nguvu kwenye vitovu vya magurudumu.

Na tairi zako. Kwa njia ngumu za Marafa 1.95 zinatosha, kwa mchanga mweupe wa mirihi zitakuchosha. Badilisha walau la mbele, uweke 2.2 au 2.25, kwa maana la mbele likizama usukani hunyang'anywa mikononi, ilhali la nyuma likizama unasimama tu. Kabla ya kununua, lizungushe gurudumu na upitishe kidole chako kidogo kati ya tairi la sasa na mikono ya uma unaolishika gurudumu la mbele, pande zote mbili. Kisipopita kwa urahisi, hakuna nafasi, ubaki na ulizonazo. Upepo usijazwe kama wanavyojaza baiskeli za mizigo mjini. Kwa mtu wa kilo 60 hadi 70 mwenye tyubu, mimi huweka psi 22 (kipimo cha upepo kinachosomwa kwenye pampu) mbele na 24 nyuma kwa mchanga, na kuongeza mpaka 30 kwenye ardhi ngumu ili tyubu isibanwe na rimu kwenye jiwe. Ukibonyeza tairi kwa dole gumba kwa nguvu, liingie kidogo na kurudi. Lisipoingia kabisa, punguza. Beba pampu yenye kipimo, tyubu 2 za akiba na viraka, kwa kuwa miiba ya migunga haichagui mgeni na mwenyeji. Ukifika mchangani, gia iwe nyepesi kabla hujaingia, kaa nyuma kidogo, legeza mikono, tazama mbali, na usiache kupiga pedali. Jifunze hilo Jumamosi mbili kabla ya safari kwenye njia yoyote ya mchanga iliyo karibu nawe, ukiwa peke yako, asiwepo anayekutazama.